Namna ya kuuza Land Rover au Land Cruiser ya zamani iliyofufuliwa na kubadilishwa: mwongozo kwa muuzaji aliyeko Tabora

Mwenye Toyota ndogo ya kawaida akitaka kuiuza huuliza watu wawili watatu tu akaijua bei yake, kwa sababu magari ya aina hiyo yamejaa mjini na kila dalali anajua yanauzwaje. Hali si hiyo kwa Land Rover 109 ya miaka ya 1970 ambayo chasisi yake imechomelewa upya, bodi imenyooshwa, injini ya petroli imetolewa na mahali pake pamewekwa injini ya dizeli ya Toyota. Gari kama hilo halina mwenzake sokoni. Mnunuzi hana cha kulilinganisha nalo, kwa hiyo hulipia kile anachoweza kukithibitisha kwa macho, kwa mikono au kwa karatasi, na kile asichoweza kukithibitisha hukihesabu kuwa hasara inayomngoja mbele, akakikata kwenye bei. Maelezo haya yanamlenga muuzaji aliyeko Tabora, ingawa mwenye gari Kigoma, Kasulu au Mpanda ataona kwamba mambo ni yale yale. Yote yanazunguka kazi moja, yaani kumpa mnunuzi uthibitisho wa kila ulichofufua na kila ulichobadilisha.

Kadi kabla ya rangi

Kabla hujapiga picha hata moja, chukua kadi ya gari uisome ukiwa umesimama mbele ya gari lenyewe. Kadi inataja jina la mmiliki, namba ya chasisi, namba ya injini, ukubwa wa injini, aina ya mafuta, aina ya bodi, rangi na mwaka wa kutengenezwa. Gari lililopita gereji kwa matengenezo makubwa huwa limekwishaachana na kadi yake katika mambo matatu au manne: kadi inasema petroli, tangi lina dizeli, kadi inasema kijani, gari ni rangi ya mchanga, kadi inasema pikapu, nyuma pamefungwa bodi ya abiria. Mwenye gari huwa amezoea tofauti hizo hata hazioni tena, lakini ndizo jambo la kwanza ambalo askari wa usalama barabarani atalionyesha kidole, na mnunuzi mwenye akili huenda kumuuliza askari kabla hajatoa fedha.

Tofauti hizi hurekebishwa kabla ya kuuza. Gari hukaguliwa na mkaguzi wa magari wa polisi, kisha taarifa ya ukaguzi pamoja na nyaraka za injini hupelekwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, ili kadi iandikwe upya. Hapo ndipo inapoonekana kama injini ilinunuliwa kwa njia za wazi. Injini iliyotoka dukani ikiwa na risiti na karatasi za forodha haina shida, bali ile iliyopatikana kwa rafiki wa rafiki, bila hata kipande cha karatasi, huwafanya watu waulize ilitoka kwenye gari la nani. Ikiwa risiti imepotea, rudi kwa aliyekuuzia ukaombe nakala au maandishi yenye sahihi yake sasa, wakati bado anapatikana na bado anakukumbuka.

Namba ya chasisi ithibitishwe kwa macho. Kwenye Land Rover za mfululizo wa pili na wa tatu imegongwa kwenye chuma cha chasisi mbele, upande wa kulia, karibu na springi inaposhikiliwa. Kwenye Land Cruiser za aina ya 40 nayo itafutwe upande huo huo wa kulia mbele, kwenye ubavu wa chasisi. Mara nyingi imefunikwa na grisi, matope na rangi ya lami ambayo mafundi wetu hupenda kuipaka chini ya magari. Lowesha sehemu hiyo kwa dizeli, iache ilainike, kisha isugue polepole kwa brashi ya nyuzi na kitambaa mpaka tarakimu zianze kujitokeza, halafu pitisha chaki nyeupe juu yake na kuifuta kidogo, ili chaki ibaki ndani ya maandishi yasomeke. Usimruhusu fundi yeyote aguse mahali hapo kwa grainda wala kwa msasa mkali. Namba iliyosagwa, hata kama ilisagwa kwa nia njema ya kuondoa kutu, haina tofauti machoni pa polisi na namba iliyofutwa na mwizi.

Jina la mmiliki ndilo linaloleta taabu kubwa zaidi katika magari ya umri huu, na linastahili maelezo marefu kidogo. Magari mengi ya aina hii yaliyoko mikoa ya magharibi yaliwahi kuwa ya idara za serikali, misheni, vyama vya ushirika, kampuni za uwindaji au mashirika yaliyohudumia wakimbizi upande wa Kasulu na Kibondo, kisha yakauzwa kwa mnada, yakauzwa tena kwa mkono, na tena, bila mtu yeyote kwenda kuhamisha umiliki. Ikiwa wewe ni wa tatu au wa nne katika mnyororo huo na kadi bado ina jina la mwanzo, unachouza ni vyuma na ahadi. Kwa gari la mnada, tafuta hati ya mauzo iliyotolewa siku ya mnada pamoja na barua ya taasisi iliyoliuza. Kwa gari la marehemu, kikao cha ukoo na muhtasari wake havitoshi hata kama ndugu wote wamekubaliana na kutia sahihi. Anayeweza kuliuza kihalali ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na barua yake ya usimamizi ndiyo itakayotakiwa wakati wa uhamisho. Ikiwa mwuzaji wako wa awali yu hai na anapatikana, hamisha umiliki uje kwako kwanza, kisha uza. Unalipa ada mara moja zaidi, lakini unauza gari lenye jina lako, na mnunuzi wa mbali ambaye hakujui hatakubali vinginevyo.

Angalia pia kama gari lina deni la faini za barabarani. Mfumo wa polisi wa kuangalia madeni kwa namba ya gari uko wazi kwa kila mtu, na mnunuzi ataufungua kwenye simu yake akiwa amesimama pembeni yako. Zile ada za leseni ya gari za kila mwaka, ambazo zamani zilikuwa zikilimbikizana kwenye magari yaliyolala gereji, zilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo mnunuzi akizitaja ili akupunguzie bei, mkumbushe.

Jua hasa unachouza

Tangazo linalosema “Land Rover ya kizamani, iko vizuri” halimwambii kitu mtu anayeyajua magari haya, na ndiye mtu unayemtaka. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Mfululizo wa pili ulianza 1958, mfululizo wa tatu ukaanza 1971 na kuendelea hadi 1985, na tangu 1983 yakawa yameanza kutoka yale ya springi za koili yaliyokuja kuitwa Defender. Land Cruiser za aina ya 40 zilitengenezwa Japani kuanzia 1960 hadi 1984. Kwenye Land Rover, taa za mbele zilizo katikati karibu na wavu wa radieta ni dalili ya gari la kabla ya mwisho wa miaka ya 1960. Baadaye zilihamia kwenye madigadi. Dashibodi yenye saa za vipimo zilizopangwa katikati ni ya kabla ya mfululizo wa tatu, ambao saa zake ziko mbele ya dereva. Lakini dalili hizi zisikudanganye, kwa sababu kwa miaka mingi mafundi wameyavua magari haya na kuyavalisha vipande vya mengine, na madigadi ya 1975 hukaa vizuri tu juu ya chasisi ya 1965. Neno la mwisho ni la namba ya chasisi.

Kwenye Land Cruiser, herufi ya kwanza ya jina la aina inataja familia ya injini iliyotoka nayo kiwandani. FJ40 ilizaliwa na injini ya petroli ya F, BJ40 na injini ya dizeli ya B yenye mitungi minne, HJ47 na dizeli ya mitungi sita. Kadi ikisema FJ40 na boneti ikifunguka ikaonyesha 1HZ, dizeli ya Toyota ya miaka ya baadaye, mnunuzi anayejua ataelewa mara moja kwamba injini si yake ya asili, na atakutazama usoni kuona kama ulikusudia kumwambia. Mwambie mapema. Injini ya 1HZ ndani ya gari la zamani ni sifa njema kwa watu wengi wa huku, maana spea zake zinapatikana na kila fundi anaijua. Kinachoharibu biashara ni mnunuzi kuigundua mwenyewe.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya. Kufufua ni kulirudisha gari lilivyotoka kiwandani, au karibu na hapo. Kubadilisha ni kulifanya liwe kitu ambacho kiwanda hakikukusudia. Gari moja laweza kuwa limefanyiwa yote mawili, lakini kila moja lina mnunuzi wake. Mpenzi wa magari ya kale, yule aliyehudhuria tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024 na kuona mamia kwa mamia ya magari hayo yamepangwa, atalipa zaidi kwa injini ya asili ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 inayowaka vizuri kuliko kwa dizeli ya kisasa. Mfanyabiashara wa asali anayeingia misitu ya Sikonge, au mkulima wa tumbaku wa Urambo anayetaka kufika shambani masika, hana haja na uasili. Anataka kujua linabeba kilo ngapi, linakula lita ngapi, na nozeli zikiharibika atazipata wapi. Ukimpelekea mkulima hotuba ya uasili, au ukimpelekea mpenzi wa magari ya kale hotuba ya uchumi wa mafuta, umepoteza muda wa wote wawili. Amua mapema gari lako ni la nani.

Mabadiliko yanayolipa na yasiyolipa

Injini iliyobadilishwa ndiyo yenye uzito kuliko yote, na inahitaji maelezo ya kifundi, si sifa. Andika jina kamili la injini, mathalani Toyota 3L au Isuzu 4JB1, na ueleze namna ilivyounganishwa na giaboksi: je, sahani ya kuunganishia ilichongwa kiwandani au na fundi wa mtaani, na klachi ni ya gari gani? Kisha taja difu, yaani ule mtambo wa gia ulio kwenye ekseli. Land Rover za mfululizo zilitoka na difu ya uwiano wa 4.7 kwa 1, ambayo inavuta sana lakini huifanya injini ilie kwa nguvu kwenye lami. Defender za baadaye zina 3.54. Kama fundi wako alibadilisha difu ili gari litembee vizuri barabara kuu, hilo ni jambo la thamani ambalo halionekani kwa macho, kwa hiyo usipolisema hutalipwa. Kama hakubadilisha, sema pia, kwa sababu mnunuzi atakayeliendesha kutoka Tabora hadi Nzega atalisikia kabla hajafika nusu ya njia. Injini yenye nguvu zaidi huzitesa pia shafti za ekseli ya nyuma, ambazo kwenye Land Rover za zamani zinajulikana kwa kukatika; aliyeweka injini kubwa akaimarisha na ekseli amefanya kazi kamili, na hiyo nayo iwe kwenye maandishi.

Breki za kusaidiwa na usukani wa pawa huongeza thamani kwa karibu kila mnunuzi. Mkonga wa hewa, lile bomba linaloipa injini hewa kutoka juu karibu na paa, huongeza, mradi uwe umeunganishwa kweli hadi kwenye kichujio cha hewa bila upenyo. Nimeona mingi iliyofungwa kwa ajili ya sura tu, ambayo ndani haifiki popote, na mnunuzi akiweka mkono kwenye mdomo wa mkonga huku injini inawaka bila injini kubadilika mlio, ujue bei imeshuka hapo hapo. Winchi inayofanya kazi, tangi la pili la mafuta na keria imara vina watu wao. Taa kumi za mbele, rimu pana zinazogusa madigadi na viti vya gari la starehe havirudishi fedha yake. Ukiweza, vivue uviuze peke yake, urudishe rimu za inchi 16 na matairi ya 7.50, ambayo yanapatikana hata kwenye miji midogo.

Ikiwa uliponunua gari ulipewa sehemu za asili zilizotolewa, au umezihifadhi mwenyewe, zikusanye zote: karabureta, dainamo, usukani wa zamani, beji, hata boliti za ajabu ajabu. Kwa mpenzi wa uasili, sanduku hilo linamwambia kwamba mabadiliko yanaweza kurudishwa nyuma, na hilo peke yake laweza kumtoa kwenye kusitasita.

Usipake rangi mpya

Ushauri huu huwashangaza wauzaji, lakini nausimamia. Gari lililopakwa rangi wiki moja kabla ya kuuzwa humtia mnunuzi wasiwasi, kwa sababu rangi mbichi ndiyo inayoficha puti, kutu na mishono ya kuchomelea. Kama rangi ni ya miaka miwili na ina mikwaruzo ya miiba, iache. Miiba ni ya kawaida kwa gari la porini. Safisha gari vizuri, hasa chini, lakini usiipake chasisi lami nyeusi. Mnunuzi mzoefu atalala chini na nyundo ndogo, agonge chasisi kuanzia mbele hadi nyuma akisikiliza: chuma kizima hutoa mlio mkali, kilicholiwa na kutu kwa ndani hutoa mlio mfu. Bodi ya Land Rover kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, hivyo sumaku haimsaidii kugundua puti, na kutu yake hukaa kwenye chasisi, kwenye ukuta wa chuma ulio mbele ya dereva, na pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu. Land Cruiser ni chuma kote, na huliwa kwenye mifereji ya paa, chini ya milango na juu ya magurudumu ya nyuma. Gari lililoishi maisha yake yote bara, mbali na chumvi ya pwani, lina sifa ambayo mnunuzi wa Dar es Salaam au Tanga ataithamini. Isipokuwa kama lilikuwa likibeba chumvi ya Uvinza, maana gari la chumvi huoza popote liliko.

Badala ya rangi, tumia fedha kwenye vitu vinavyoondoa mashaka: oili na vichujio vipya, honi, waipa, taa zote, breki ya mkono, vipimo vya dashibodi. Vitu hivi ni vya bei ndogo, lakini mnunuzi akikuta breki ya mkono haishiki hujiuliza ni nini kingine kilichoachwa.

Andaa faili moja. Weka ndani yake risiti zote, picha za gari likiwa limevuliwa bodi, majina ya mafundi waliolifanyia kazi na kazi ambayo kila mmoja alifanya, na karatasi moja yenye orodha ya kasoro zilizobaki. Hiyo ya mwisho ndiyo inayouza gari. Ukiandika kwamba sili ya giaboksi inatoa oili kidogo na mlango wa nyuma unahitaji kusukumwa, mnunuzi ataamini na yale mazuri uliyoyaandika juu yake.

Bei na tangazo

Tuseme ulinunua gari likiwa limelala kwa shilingi milioni 8, ukatumia milioni 14 kulifufua. Milioni 22 ni historia ya mfuko wako, na mnunuzi hana wajibu wa kuilipa. Njia ya kufaa ni kutafuta magari yanayokaribiana na lako yaliyouzwa Arusha, Mwanza na Dar es Salaam, ukauliza yameuzwa kwa bei gani hasa, si kwa bei gani yalitangazwa, kisha ukaondoa gharama ambayo mnunuzi ataingia kuja Tabora na kulichukua. Juu ya hapo ongeza thamani ya mabadiliko ambayo mnunuzi uliyemchagua anayahitaji kweli. Msimu nao una nguvu: fedha ya tumbaku inapoanza kuingia katikati ya mwaka, na tena mvua zinapokaribia kuanza kuelekea Novemba, watu wa huku hukumbuka magari yenye kuvuta magurudumu yote manne.

Taja bei kwenye tangazo. “Bei maongezi yapo” bila tarakimu huleta simu hamsini za kuuliza bei ya mwisho na hakuna hata moja ya kuja kuona. Picha zipigwe asubuhi au jioni, pande zote nne, ndani, injini, chini ya gari, na kasoro zenyewe kwa karibu. Funika sehemu ya namba ya chasisi kwenye picha za hadharani, maana matapeli hutumia namba halisi kuuza magari yasiyokuwepo. Mpe namba nzima yule aliyeonyesha nia ya kweli.

Ukipata mnunuzi wa nje ya nchi, kila nchi ina masharti yake. Kenya kwa kawaida haipokei gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo shauku ya mteja wa Nairobi isikupotezee muda kabla hajakueleza ataliingizaje. Marekani hulegeza masharti ya viwango vya usalama kwa gari lililotimiza miaka 25, na Ujerumani hutoa usajili maalumu wa magari ya kihistoria kwa yale ya miaka 30 na zaidi, lakini yawe karibu na hali yake ya asili, jambo linaloweza kuliondoa gari lenye injini ya kigeni. Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, nawe unauza gari lenye usukani wa kulia.

Kumwonyesha na kumwendesha mnunuzi

Usiipashe injini moto kabla mnunuzi hajafika. Injini ya dizeli iliyokwisha kuchoka huwaka vizuri ikiwa na joto na hugoma asubuhi, na kila fundi analijua hilo. Ndiyo maana mnunuzi huweka kiganja kwenye boneti kabla hata ya kusalimiana vizuri. Mwache aiwashe mwenyewe ikiwa baridi na aangalie moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni dizeli iliyozidi, mweupe unaoendelea baada ya injini kupata joto ni maji au dizeli isiyoungua.

Mazungumzo ya hapo huwa mafupi.

“Shikamoo, mzee. Injini hii ni yake?”

“Marahaba, mwanangu. Si yake. Ni 3L, nimeifunga mwenyewe, na iko kwenye kadi. Soma hapa.”

Jibu kama hilo humaliza nusu ya majadiliano, kwa sababu swali lililokuwa mtego limejibiwa kwa karatasi.

Kwa majaribio chagueni njia yenye lami kidogo na mchanga mwingi. Upande wa bwawa la Igombe au Kwihara patafaa. Mvuto wa magurudumu yote manne uonyeshwe kwenye mchanga tu, kwa sababu magari haya ya zamani hayana difu ya katikati, na kuufunga kwenye lami kavu hukaza mitambo mpaka usukani unakuwa mzito na kitu kinaweza kuvunjika. Kwenye Land Rover ya mfululizo, sukuma chini kile kirungu cha njano ili magurudumu ya mbele yaingie. Kwa gia nzito, simamisha gari kabisa kisha vuta nyuma mkono mwekundu. Kwenye Land Cruiser kumbuka kwanza kufunga loki za magurudumu ya mbele. Mnunuzi asiyejua ataona kwamba mfumo haufanyi kazi, na wewe ndiye utakayelaumiwa. Hakikisha bima ni hai, anayeendesha ana leseni, na wewe umo ndani ya gari muda wote.

Mnunuzi akitaka kuleta fundi wake, mkaribishe. Akikataa kuja na fundi huku akitaka punguzo kubwa kwa hofu ya yasiyojulikana, mwambie hofu hiyo inatibiwa na fundi, si na punguzo.

Fedha, mkataba na makabidhiano

Arbuni iandikwe: kiasi, tarehe ya kumalizia, na kitakachotokea kwa fedha hiyo kila upande ukivunja makubaliano. Mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili, uwe na namba ya usajili, ya chasisi na ya injini, bei kwa tarakimu na kwa maneno, majina kamili na namba za utambulisho za pande zote mbili pamoja na za mlipakodi, mashahidi, na ile orodha yako ya mabadiliko na kasoro kama kiambatisho kilichosainiwa. Kiambatisho hicho kinakulinda. Miezi mitatu baadaye mtu akidai hakuambiwa kwamba difu si ya asili, sahihi yake iko chini ya sentensi inayosema hivyo.

Malipo yaingie benki, na usikabidhi chochote kwa kuonyeshwa ujumbe wa simu. Subiri mhudumu wa benki yako athibitishe kwamba fedha imo kwenye akaunti. Andikeni saa ya makabidhiano pamoja na tarehe, kwa sababu ajali au faini ya jioni ile ile huulizwa ilitokea gari likiwa mikononi mwa nani. Bima yako isihesabiwe kuwa ya mnunuzi. Akate yake kabla hajaondoka na gari kwenda Kigoma.

Uhamisho wa umiliki uanzwe siku hiyo hiyo kama ofisi za TRA ziko wazi, na mkubaliane kwenye mkataba nani analipa ada na ushuru wa stempu. Usikubali ile desturi ya kumpa mnunuzi kadi halisi na mkataba, kisha kumwachia aende kuhamisha “akipata nafasi”, kwa kuwa mpaka jina libadilike, faini za gari hilo zinasoma kwako na askari anayetafuta mwenye gari atakuja mlangoni kwako. Nendeni pamoja. Ukishaona jina jipya kwenye mfumo, chukua nakala ya kadi mpya uiambatanishe na mkataba, na nakala hizo uziweke pale unapoweka hati za nyumba.